Kengele Iliyofaulu Mtihani

Jumatatu, 4 Machi

Maboksi ya kengele zangu yamejaa chumbani, mke wangu anapanda kitandani kwa kupitia upande wa miguu. Kengele za mlango zisizo na waya! Unabonyeza kitufe getini, inalia sebuleni. Hakuna kutoboa ukuta, hakuna kumwita fundi. Nani hataki?

Mama mkwe hataki. Yaani, bado. Nyumba ni yake, sisi tunakaa vyumba vya uani. Leo ametoa tamko mezani: chumba chake cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kitapata mwenyewe Jumamosi ya wiki ijayo. Ama mimi nifungue duka la kengele, ama shemeji afungue saluni ya kunyoa. Ila mimi nilete kwanza cheti cha mamlaka ya mawasiliano, kwamba mali yangu ni halali. Shemeji hakudaiwa cheti. Mikasi hairushi mawimbi, akasema, anachekelea. Mtu huyu!

Mke wangu akanitetea. Akamwambia mama yake mbele ya kaka yake kwamba safari hii ananidhamini yeye mwenyewe. Nikafurahi. Kisha nikapiga hesabu. Nikiharibu safari hii, naharibu na jina lake.

Tatizo ni moja tu. Nikibonyeza kengele yangu, geti la umeme la jirani linafunguka. Leo lilifunguka jirani akiwa uani na taulo. Na maabara ya mamlaka inapima hayohayo: mawimbi yakizidi kiwango, hupati cheti. Ya kwangu hayajazidi kiwango. Yamekiruka.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Foili ya jikoni!

Nimefungua kengele moja, nikakizungushia foili kile kidude kinachorusha mawimbi. Safu juu ya safu. Nikafunga. Nikabonyeza. Geti la jirani kimya! Nikabonyeza tena kwa ubabe. Kimya. Ni kweli, na kengele yenyewe haikulia mpaka nilipoigusisha na kitufe, lakini mtu hawezi kupata vyote.

Mpango ni huu. Yenye foili inakwenda maabara, ipate cheti. Nyingine zote zinakwenda dukani kama zilivyo. Nani atajua?

Mke wangu kauliza foili yake iko wapi. Nikasema panya. Akasema panya wanaokula foili wakaacha mkate, hao tuwaachie nyumba.

Jumatano, 6 Machi

Nimetoka maabara.

Chumba cha kupimia kina mlango mzito kama wa friji ya bucha. Ndani, kuta na dari zimejaa sponji zilizochongoka. Ukiongea, sauti inamezwa. Nilikohoa, nikadhani nimekuwa kiziwi. Mpimaji ni mama mmoja mpole wa miwani, huongea polepole, hakosei neno. Nimempa jina la kipimo chao cha nguvu za mawimbi: Mama Desibeli. Akaweka kengele yangu juu ya meza inayozunguka, antena ikiikodolea. Tukatoka nje, tukakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Mstari ukawa unatambaa kule chini kabisa. Jasho likanitiririka mgongoni mpaka suruali.

Akasema katika kazi yake yote hajawahi kukutana na chombo kitulivu namna hii. Nikasema tunajitahidi. Akauliza, lakini inalia? Nikasema inategemea. Akajaribu, akasogeza, akasogeza, mpaka ikalia. Akasema sawa, sheria inataka tu mawimbi yasizidi. Yakiwa machache mno, hayo ni mambo yangu na wateja wangu.

Nikataka kumkumbatia. Kabla sijanyanyuka akaifungua kengele, akaipiga picha matumbo yake. Foili inang'aa! Lakini hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba kila nitakayouza lazima iwe sawasawa na hii ya pichani. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku nimeshafika mlangoni.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna habari. Nimezimaliza kucha za mkono wa kulia. Za kushoto nazibakiza kwa kesho.

Shemeji kaja na futi, anapima chumba cha mbele. Eti anaangalia tu kama kioo kitaenea. Nikamwambia asisahau kupima na mlango wa kutokea.

Alhamisi, 14 Machi

CHETI! Kina muhuri! Kina jina langu!

Mama mkwe alivaa miwani, akakisoma mpaka mwisho, akaniita mwanangu. Sijaitwa hivyo tangu harusi. Mke wangu alicheka kile kicheko chake cha zamani, nikataka siku isiishe.

Halafu mama mkwe akageuza karatasi, akasoma kwa sauti maneno ya nyuma. Jumamosi asubuhi atakuja mkaguzi. Atachukua kengele yoyote atakayoitaka kwenye boksi lolote, aifungue, ailinganishe na picha. Ikiwa tofauti, mali yote inabebwa.

Nikaomba maji.

Ijumaa, 15 Machi

Nimenunua foili ya mtaa mzima. Mwenye duka la kona kaniuliza kama nina harusi. Nikasema msiba. Akanipa pole, sikuikataa.

Nimejifungia chumbani. Fungua, zungushia, funga. Fungua, zungushia, funga. Vidole vimechanika. Ilipofika mchana mke wangu akagonga, akaingia, akaona. Sikuwa na pa kuificha. Nikamwambia ni kinga ya vumbi. Akakaa chini, akachukua bisibisi, akaanza kufungua. Hilo ndilo lililoniumiza. Angenigombeza ningepumua.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika upesi kabla sijabadili mawazo.

Mkaguzi alikuja. Akavuta kengele ya chini kabisa, kwenye boksi la nyuma kabisa. Akafungua. Akaangalia picha, akaangalia foili. Akafungua nyingine, na nyingine. Akasema ni nadra kuona mfanyabiashara mwaminifu kiasi hiki. Akanipa mkono! Shemeji akanuna hadi masikio.

Alipoondoka, mama mkwe alikuwa na ufunguo wa chumba mkononi. Akasema kabla hajanikabidhi, na yeye ajionee. Akachukua kitufe, akasema anakwenda getini, sisi tukae chumba cha mbele tusikilize.

Tukakaa. Kengele ukutani. Nikawaambia wasikilize vizuri, ina mlio laini. Tukasikiliza. Nikamwambia shemeji apunguze kuhema. Tukasikiliza tena. Nikasema huenda mama kakutana na mtu, wanaongea. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi, haitazami kengele.

Kisha tukasikia geti linapigwa jiwe. Lilikuwa limejifunga nyuma yake, mlango wa barabarani una komeo kwa ndani, ufunguo wa geti uko sebuleni, jua la utosi. Alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Aliingia amelowa jasho, hakumwangalia mtu, akakibandika kitufe pembeni ya kengele, akabonyeza.

Ikalia vizuri sana. Wimbo mzima.

Shemeji alikabidhiwa ufunguo wimbo haujaisha.

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu haongei. Anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mama yake alimwambia neno moja tu jana: umemdhamini. Nimejaribu kuomba radhi, nikaishia kueleza jinsi mawimbi yanavyofanya kazi. Naona aibu.

Jumanne, 19 Machi

Sikulala, lakini nimelipata! Kosa halikuwa kwenye kengele. Kosa lilikuwa kwa wateja! Nilikuwa nauzia watu wanaotaka wageni. Wasiotaka wageni je? Wako wengi zaidi! Na cheti tayari ninacho.

Nimeifunga moja mlangoni kwetu kwa majaribio. Siku nzima hakuna bughudha. Hakuna mama mkwe kuuliza maboksi yatatoka lini. Nilikaa ndani kwa raha, nikachora nembo.

Jioni mke wangu akarudi, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kumbe, kaka yake kamweleza, alikuja mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni. Mama Desibeli ndiye aliyemtuma kwangu, eti aje kwa yule kijana mwaminifu aliyesifiwa na mkaguzi. Alitaka kengele kwa kila chumba, na alikuwa tayari kungoja nizirekebishe. Shemeji alimwonyesha mlango wetu. Alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza, akaenda zake kwa mtu mwingine.

Mke wangu akakaa kitandani, akaniuliza taratibu kama nimeelewa nini kimetokea leo.

Nimeelewa! Mgeni wa kweli, mwenye haja ya kweli, na sikusikia hata kidogo! Inafanya kazi! Kesho asubuhi nakwenda maabara kuomba cheti cha pili. Ndani nitaongeza foili.