Postikadi Iliyopigwa Marka

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Wanaosema kinyume hawajamwona Rodrick akiitembeza postikadi yake mwezi mzima pale kwenye viti vya plastiki mbele ya jengo la maduka la Tianxiu, asipate hata wa kuitupia jicho, huku sandali za mchuuzi mwenzake Kissa zenye soli kama karatasi zikigombewa kabla hazijashuka mkokotenini.

Asubuhi hiyo Chadrack, Mkongomani waliyembandika jina la Waziri kwa sababu ya suti, alisoma habari kwenye simu.

"Sikilizeni! Kule Amerika, postikadi ya mchezaji wa besiboli, ya zamani ile, imeuzwa mnadani bei ya nyumba!"

"Nyumba ya wapi?" Kissa akauliza. "Masaki au kwetu Tukuyu?"

"Ya ghorofa, maman!"

Rodrick, Profesa wa kijiwe, akaruka, chai ikamwagika. "Si mlinicheka? Yangu ni ya 1909, mchezaji kashika rungu lake, hazifiki kumi duniani! Dada Kissa, lete amana yangu."

Jana alimwachia akienda soko la Zhanxi kununua jinzi. Kissa akaichomoa pochini taratibu, kama anayemtoa mwali ndani. Rodrick akaibusu picha. Akaigeuza.

Mgongoni, kwa maka peni nyeusi isiyofutika: KISSA–MBEYA 1/1.

"Umeipiga marka?"

"Mzigo gani unalala kwangu bila marka? Usipoandikwa jina, kontena likifika Dar wanabeba wenzio. Miaka tisa sijapoteza katoni."

"Hii si katoni! Hii ni historia!"

"Moja ya moja," Chadrack akasoma, machozi ya kicheko yakimtoka. "Profesa, sasa ndiyo adimu. Haina ya pili!"

"Waziri, nyamaza! Kissa, umenibomolea ghorofa. Omba radhi mbele ya watu."

Jasho lilimtoka Kissa makwapani, ila usoni alibaki na sura ile anayowatolea malaoban, wenye maduka wa Kichina, wakigoma kushusha bei. Akaivuta kadi, akaisogeza machoni. Pembeni ya wino wake palikuwa na maandishi ya penseli yaliyofifia.

"Na huyu nani?"

"Huyo… ndiye aliyeituma. Anamsalimia shangazi yake. Hayo ndiyo yanaipandisha thamani."

"Ahaa! Yeye kaichorachora kwa ajili ya shangazi, anaitwa historia. Mimi nimeilinda isipotee, naitwa mharibifu. Yeye aliomba radhi?"

Rodrick akamnyang'anya kadi, akaanza kuusugua wino kwa kidole gumba.

"Basi nipe miaka mia, na mimi nitaipandisha bei." Kissa akajitwika furushi lake la sandali. "Radhi siombi."