Taa Nyeupe ya Kwenda Nzuguni

Jumatatu, 1 Desemba 2008

Nimeuza kitanda. Godoro limebaki, nimelitandika sakafuni. Usingizi wenyewe sina, kitanda cha nini?

Sababu ni Mzee Yotham wa Nzuguni, baba yake Generosa. Ametangaza kwamba Jumamosi jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, atatupokea sisi wawili tunaomtaka binti yake. Anataka kutuona kwa macho yake kabla washenga hawajaanza kuchosha miguu. Mmoja ni mimi, Anyitike, karani wa masjala, mtu wa mshahara. Mwingine ni Mwalimu Zablon. Zablon ana baiskeli yenye taa ya dainamo. Akikanyaga inawaka, akisimama inakufa. Huyo ndiye mshindani wangu, jamani.

Ila pikipiki yangu ya Kichina nayo taa yake ni aibu tupu. Kibatari kina nafuu. Wiki iliyopita lilipita gari la mkubwa mmoja, taa nyeupe pee, watu wakasogea pembeni bila kuambiwa. Niliuliza. Zile ni zenoni. Siku hizi zinauzwa hata za pikipiki, na bei yake ni sawasawa na kitanda. Mzee Yotham akiona mwanga ule unaingia uani kwake, atakumbuka tena kuuliza ukoo wangu?

Nimezunguka chumba mpaka Mama Raheli wa chumba cha pili akagonga ukuta. Anauliza kama ninapura mtama.

Jumanne, 2 Desemba

Ruhusa ya kwenda hospitali. Nikaenda Kizota kwa fundi Kefa.

Kefa hajawahi kufunga zenoni, lakini alisema taa ni taa. Maelekezo yameandikwa Kichina. Aliyageuza juu chini, akayatazama kwa heshima, akaifutia mikono ile karatasi. Kisanduku cha umeme amekifunga chini ya tangi kwa mpira wa tyubu. Vimebaki vyuma viwili na skrubu. Kefa amesema niviweke, ndiyo spea.

Tukaiwasha hapo hapo, mchana kweupe. Mchomelea vyuma, mtu anayetazama moto kutwa nzima, aliniomba niizime.

Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kula.

Jumatano, 3 Desemba

Jaribio la kwanza. Limekwenda vizuri kwa sehemu kubwa.

Taa inaangalia juu kidogo. Barabara siioni, ila vilele vya miti vyote naviona, hata viota. Lori moja liliingia porini kunipisha, dereva akasimama pembeni na leseni mkononi. Nilimpungia kama mkubwa.

Halafu honi ikafa. Zikafuata indiketa. Halafu pikipiki yenyewe.

Nikasukuma. Na ni nani aliyenifikia kutoka nyuma, akikanyaga taratibu na kataa kake ka dainamo? Zablon. Alishuka, akaomba anisaidie kusukuma. Nilimwambia nanyoosha miguu kwa ushauri wa daktari. Akaamini! Akatembea nami mpaka mlangoni, akanitakia afya njema. Mtu mwenye adabu namna ile ni hatari.

Alhamisi, 4 Desemba

Kefa anasema betri ni ndogo, zenoni inainyonya. Anashauri nirudishe taa ya zamani. Nimekataa kata kata. Nimemwambia akate honi, indiketa na taa ya nyuma, umeme wote uende mbele. Mbele ndiko ninakokwenda, nyuma kuna nini?

Kefa alijikuna kichwa, akakata.

Kazini nimeweka jalada la mstaafu kwenye kabati la wanaoajiriwa. Bosi ameuliza nina nini wiki hii, sikai kitini. Nimejibu ni joto.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Vumbi limetulia. Mimi bado.

Nilimvizia Generosa getini pa zahanati, pale anapofanya kazi ya uuguzi. Nilimwambia kesho aangalie barabarani, ataniona kabla hajanisikia. Akaniuliza kama nimekula. Akanishika mkono kupima homa. Mwanamke hamshiki mtu mkono hivi hivi.

Akaongeza kwamba baba yake anapenda sana mtu mtulivu. Sawa. Nikishafika nitatulia.

Jumapili, 7 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Vidole vilikuwa na mafuta. Naandika leo.

Nilifika Nzuguni giza linaingia, taa imewaka. Zablon alikuwa ameshawasili, amekaa kigodani kama mtoto wa mle ndani, anakunywa togwa. Nikakata kona kuingia uani. Mwanga ukapiga zizini. Ng'ombe wakaruka. Fahali mmoja akapita katikati ya boma la miiba kama halipo, akaenda zake. Mzee Yotham akajikinga macho kwa kofia, akauliza ni serikali gani hii.

Nikafungua mdomo nimwamkie. Shikamoo ikaishia njiani, maana kinywani mlikuwa mmeingia kumbikumbi.

Nyuma ya nyumba kuna kichuguu, na mvua ya juzi ilikuwa imewaamsha. Wote wakaja kwenye zenoni yangu. Wote! Mama Generosa akapiga kelele aletewe beseni. Majirani wakaja na ndoo, sufuria, mashuka. Mzee akasahau fahali. Akaniamuru nisizime na nisisogee hata hatua. Nikasimama nimeshika usukani, navuta mafuta betri isife, mabawa yananijaa kwenye kola. Mzee akanipiga bega, akasema tangu azaliwe hajaona mgeni aliyekuja na baraka kama hii.

Hapo nikajua nimeshaoa.

Generosa sikumwona kwa muda. Kumbe yeye na Zablon walikuwa wamemfuata fahali. Walirudi naye baadaye sana, Zablon hana kiatu kimoja, Generosa anacheka hadi anajishika mbavu. Nilimwonea huruma Zablon. Ya muhimu yote ameyakosa.

Kisha kukanuka plastiki. Kioo cha taa kikalegea, kikainama, zenoni ikazima. Giza totoro. Zablon akapindua baiskeli yake, akawa anazungusha pedeli kwa mkono ili Mama apate kuona kikaango. Alizungusha mpaka chakula kikaiva. Mimi nilipewa sahani ya kwanza.

Jumatano, 10 Desemba

Erica, mdogo wake Generosa, alikuja ofisini na kifurushi cha kumbikumbi waliokaushwa. Salamu kutoka kwa baba. Nikamwambia akae. Hakukaa, alisema ujumbe ni mfupi.

Washenga wa Zablon wamekaribishwa. Baba amesema aliyepoteza kiatu kwa ajili ya fahali wa mwenzake, mke hatamtupa. Na Generosa mwenyewe alipoulizwa alikubali kabla swali halijaisha.

Mimi je? Mimi wananipenda sana. Wanaomba nije na taa kila mvua inaponyesha. Na siku ya harusi nitangulie mbele ya gari la bibi harusi.

Niliumia. Nilikwenda nyuma ya kabati la majalada nikalia, na sioni haya kuandika. Nilikuwa nimeshachagua hata majina ya watoto.

Niliporudi Erica alikuwa bado yupo. Akasema pole. Akauliza kama taa itatengenezeka, maana ilikuwa nzuri.

Ilikuwa nzuri. Kasema mwenyewe.

Jioni nzima nimezunguka chumba nikifikiri, na kosa nimeliona. Taa ilikuwa moja. Kwa taa moja Mzee aliona wadudu. Zingekuwa mbili angeniona mimi. Nimempitia Kefa, anasema mbili zinafungika, taa ni taa. Siku ya harusi Erica atakuwa kwenye gari la nyuma yangu, ananitazama njia nzima.

Godoro limeshapata mteja. Anakuja kulichukua kesho asubuhi.