Namba ya Tano

"Ofisi ya Masoko na Utaratibu wa Mpakani ina furaha kuwatangazia wananchi wote wa Tunduma kuanzishwa kwa Zoezi Shirikishi la Kubaini Namba Iliyokosekana. Kila mwananchi mwenye akili timamu anatakiwa kujaza pengo katika mfuatano ufuatao: 2, 5, 9, 14, ___, 26, 34. Lengo ni kuinua vipaji vya hesabu katika kipindi hiki cha soko huria. Namba itakayopatikana itakuwa mali ya Ofisi. Mshindi atapewa cheti na kushikana mkono na Mkuu wa Ofisi."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mwaka wa tisini na nane, juu ya tangazo la kipindupindu, kwa sababu gundi ilikuwa tayari ipo pale.

Kalisti alilisoma kwa kidole. Shule yake iliishia darasa la nne na hakuwahi kuidai iliyobaki. Hakuwa amekuja kwa ajili ya hesabu. Alikuja, kama alivyokuja kila Jumatatu tangu Juni, kuulizia kibanda cha mkewe.

Habari ya vibanda ilikuwa hivi. Palikuwa na kiwanja cha pembetatu kati ya barabara kuu na mpaka wa Zambia, na hapo watu walikuwa wakiuza vitu vyao chini, wengine tangu vita vya Uganda. Ofisi ikawaondoa ili iwajengee soko la kisasa. Vibanda thelathini na vinne vya matofali vikajengwa, vikapigwa bati, vikaandikwa namba kwa rangi nyekundu, vikafungwa kwa kufuli. Tangu hapo soko lilikuwa la kisasa kabisa, na wafanyabiashara walikuwa mtaroni. Ofisi ilieleza kwamba ufunguzi umeahirishwa kwa sababu za kitaalamu.

Ferista, mke wa Kalisti, alikuwa ameandikishwa miongoni mwa wa kwanza kabisa. Kadi yake ya rangi ya waridi ilikuwapo. Yeye mwenyewe ndiye hakuwapo. Alifariki Machi, akiwa ameacha kadi, magunia mawili ya maharage ya Ileje, na mume asiyejua kupika hayo maharage. Mvua zilikuwa zinakaribia, na maharage yakilowa mtaroni yanaota. Kalisti hakutaka makuu. Alitaka paa.

"Shikamoo, baba," alisema Yunisi, karani wa Ofisi. "Umekuja tena."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuona kama kadi imeshakuwa kibanda."

"Baba, nilishakueleza. Kanuni inasema kadi ya marehemu inarithiwa na mjane. Wewe ni mjane?"

"Nimefiwa na mke."

"Hilo ni jambo la kifamilia. Kwenye kanuni yupo mjane. Mwanamume aliyefiwa hajatajwa. Akitajwa tutakuita."

Kalisti alikubali kwa kichwa. Alikuwa amekwishaanza kuamini kwamba wanaume wa Tunduma hawafiwi, ila huwa wanafanyiwa mzaha.

"Na hili zoezi la hesabu, mama, ni la kupima akili zetu?"

"Ndiyo. Vipaji."

"Majibu mnayo, lakini?"

Yunisi aliutazama mlango wa Mkuu, ukiwa umefungwa. Akainama kama anayetafuta kalamu.

"Tungekuwa nayo tungewauliza ninyi?"

Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, akamweleza. Ile ilikuwa orodha ya Afisa Ardhi. Aliiandika mwenyewe kwa mkono wakati vibanda vinaisha, namba saba kwa ajili ya wakuu saba wa Ofisi, akaikabidhi, akahamishiwa Ibaba. Orodha ikahifadhiwa kwenye droo ya Mkuu pamoja na karanga. Panya mmoja, ambaye hakuwa mtumishi wa umma, akala namba ya tano. Namba ya tano ilikuwa ya Mkuu.

"Si mumwandikie Afisa Ardhi?"

"Tuliandika. Kajibu kwamba hakumbuki namba, ila anakumbuka kwamba alichagua vizuri." Yunisi akapiga muhuri karatasi isiyohusika. "Sasa hatuwezi kuwagawia wananchi namba zao mpaka tujue ni zipi si za wananchi. Soko zima linasubiri namba moja. Mimi sijasema kitu, baba."

"Mimi wala sijafika hapa, mama."

Mtu mwingine angeuliza kwa nini wakuu hawakutoka tu nje kwenda kuangalia. Huyo atakuwa hajui kazi za ofisi. Soko lilikuwa umbali wa hatua mia mbili, na kibali cha ukaguzi kilikuwa bado hakijarudi kutoka wilayani. Isitoshe, njia ile ina vumbi.

Kalisti alikwenda hadi kwenye uzio. Alimkuta Jenista, shoga yake Ferista wa miaka yote, amekaa mtaroni na ungo wake wa dagaa wa Mpulungu.

"Shemeji, umepata kibanda?"

"Nimepata hesabu."

Akamsomea namba zile alizoziandika kiganjani. Mbili, tano, tisa, kumi na nne. Na wakati anazisoma, macho yakajipeleka yenyewe kwenye safu za matofali, akazitambua.

Kwa maana Kalisti alikuwa kibarua kwenye ujenzi ule. Yeye ndiye aliyemshikia fundi kamba. Kwenye ncha ya pembetatu, pale barabara inapokutana na mpaka, kiwanja ni chembamba, kwa hiyo safu ya kwanza ilitosha vibanda viwili tu. Safu ya pili vitatu. Ya tatu vinne. Kila safu ilianzia upande wa mpaka, kwenye majani na choo, ikaishia barabarani, kule yanakosimama malori na wateja. Namba ziliandikwa hivyo hivyo, kutoka choo kwenda barabarani. Kibanda cha mwisho cha safu ya kwanza ni namba mbili. Cha mwisho cha safu ya pili ni namba tano. Ya tatu, tisa. Ya nne, kumi na nne.

"Wamechukua vyote vya barabarani," alisema.

Jenista aliangalia, akahesabu kwa kidevu, safu hadi safu.

"Ngoja nielewe, shemeji. Wametuibia vibanda saba, kimoja kimewapotea, na sasa wanataka tuwasaidie kukitafuta?"

"Na cheti watatoa."

"Basi wana adabu."

Zoezi Shirikishi lilihitimishwa Ijumaa, uwanjani mbele ya Ofisi. Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani. Wakuu saba walikaa kwa kufuata vyeo, na katikati yao alikaa Bwana Lwitiko, Mkuu wa Ofisi, mtu mpole mwenye suti ya kaki na tabia ya kusema "kimsingi" kabla ya kila jambo lisilo na msingi. Watu walikuwa wengi, maana siku hiyo mgambo walikuwa wamemfukuza kila mtu kutoka mtaroni ili wakuu wasikose hadhira.

"Ndugu wananchi," alisema Bwana Lwitiko, "kimsingi hizi ni namba tu. Msiwaze mbali. Tunapenda hesabu."

Majibu yalikuwa yameshafika mia na arobaini. Wapo waliosema kumi na tano kwa kuwa ndiyo inayofuata kumi na nne. Mganga mmoja alisema saba na akaomba kuku. Dereva mmoja alisema mia, akidai kwamba pengo lile lilikuwa pana.

Akasimamishwa Mwalimu Nathanaeli, ambaye ndiye aliyekuwa mtaalamu mshauri wa zoezi. Alikuja na ubao wake.

"Mbili kwenda tano ni tatu. Tano kwenda tisa ni nne. Tisa kwenda kumi na nne ni tano. Kwa hiyo tunaongeza sita, jibu ni ishirini." Makofi yakapigwa. Mwalimu akakohoa. "Tatizo dogo ni kwamba baada ya hapo tunaongeza saba, tunapata ishirini na saba. Hapa mmeandika ishirini na sita. Hilo ni kosa la uchapaji. Naomba kulirekebisha."

Akaifuta ishirini na sita.

"Hiyo usiiguse," alisema Bwana Boazi, Afisa Afya, akiinuka mezani. "Hiyo si kosa. Hiyo ni yangu."

Bwana Boazi akaona watu wanamwangalia, akaongeza, "Kwa maana ya kuipenda. Kila mtu ana namba anayoipenda." Akakaa.

Mwalimu akairudisha ishirini na sita, na hesabu ikabaki imevunjika mguu mbele ya watu wote. Hapo ndipo Kalisti aliponyoosha mkono. Hakuwa amepanga. Alinyoosha kama anavyonyoosha mtu aliyechoka kumwona mwenzake akitafuta miwani iliyo puani mwake.

"Bwana Mkubwa, ni kumi na tisa."

"Toa maelezo, mzee."

"Safu ya tano ilitakiwa iwe na vibanda sita. Tulichimba msingi wa sita. Lakini upande ule lipo jiwe la mpaka, na askari wa Zambia kutoka Nakonde alikuja akasema hapo ni kwao, tukafukia. Vikabaki vitano. Kuanzia kumi na tano mpaka kumi na tisa. Safu ya sita ikapata vyake saba, ndiyo inaishia ishirini na sita ya Bwana Afya. Jiwe lile nalijua, Bwana Mkubwa. Marehemu mke wangu alikuwa akiliegemea. Maharage Tanzania, mgongo Zambia."

Watu walicheka, taratibu, kicheko kile cha wenye njaa ambacho hakiishi upesi. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea sokoni. Namba nyekundu zilisomeka vizuri kutoka pale. Mbili. Tano. Tisa.

Bwana Lwitiko hakugeuka. Mtu aliyekaa kwenye kitambaa cha kijani hageuki.

"Mzee," alisema, "kimsingi umechanganya mambo. Hizi hazina uhusiano wowote na vibanda. Ni namba tu. Nimesema tangu mwanzo."

"Kwa hiyo si kumi na tisa?"

Hapo palikuwa pagumu. Akisema ndiyo kumi na tisa, amekubali habari ya safu, na ya jiwe, na ya mwisho wa kila safu. Mwalimu Nathanaeli alikuwa amesimama na chaki, akisubiri. Wakuu sita walikuwa wanaangalia kucha zao, kwa maana namba zao zilikuwa zimeshapatikana.

"Si kumi na tisa," alisema Bwana Lwitiko. "Sisi tunafuata sayansi. Jibu ni ishirini. Yunisi, andika ishirini. Piga muhuri."

Muhuri ukapigwa. Sauti yake ilisikika mpaka mtaroni.

"Na ile ishirini na sita?" aliuliza Mwalimu.

"Iache ilivyo. Ni upekee wa kiutawala."

Jenista alikuwa mbele kabisa, ungo kichwani.

"Bwana Mkubwa, samahani. Kama namba hazihusiani na vibanda, hiyo kumi na tisa mliyoikataa ni ya nani?"

"Ya hesabu zenu huko. Si yetu."

"Basi mpeni shemeji yangu. Anahangaika na kadi ya marehemu tangu Juni. Au kuna mkubwa anaitaka?"

Uwanja mzima ukamtazama Bwana Lwitiko. Kukataa ilikuwa ni kusema kwamba kumi na tisa ina mwenyewe. Na kumi na tisa haina mwenyewe. Amesema sasa hivi, mbele ya watu, na wino wa muhuri haujakauka.

"Kanuni inasema mjane," alinong'ona Yunisi, kwa wajibu tu.

"Kanuni ni pana," alisema Bwana Lwitiko huku ameuma meno. "Mwandikie. Kumi na tisa. Akae na kumi na tisa yake kama anaipenda hivyo."

Yunisi aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika kitu chochote katika utumishi wake, akapiga muhuri mara mbili. Kalisti aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Akamkumbuka fundi na kamba. Akakikumbuka kibanda namba ishirini, cha kwanza cha safu ya sita, kilichobanwa kati ya choo na mpaka hadi fundi akakosa pa kuweka mlango upande wa huku.

"Una la kuongeza, mzee?" aliuliza Bwana Lwitiko.

"Sina, Bwana Mkubwa."

Soko lilifunguliwa wiki ya pili ya Novemba, siku mbili kabla ya mvua. Kalisti alipanga maharage yake kwenye kibanda cha kumi na tisa, dirisha barabarani, na madereva wa malori walinunua bila kushuka. Jioni akifunga hutoka kwa nyuma, akapita safu nzima hadi pale ambapo hakikujengwa kitu, akaketi kidogo. Jiwe bado lipo, na limelainika upande mmoja.

Bwana Lwitiko, aliyebaki na kibanda cha ishirini, hakuweza kukibadilisha. Namba ishirini ilikuwa imepatikana kisayansi na kishirikishi, na nakala yake ilishafika wilayani. Wakuu wenzake sita walimpongeza. Alimwajiri mtu wa kuuza, mtu akaacha kazi siku ya tatu, kwa sababu mlango wa ishirini unafungukia Nakonde, na kuingia dukani mtu hana budi kwanza kutoka nchini.

Kwa hiyo sasa anakwenda mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kazi, anapanga foleni kwenye kizuizi pamoja na akina mama wa dagaa, pasi ya kusafiria mkononi, mpaka afike kwa afisa wa Zambia mwenye kofia iliyonyooka.

"Mulishani mukwai," anamsalimia kwa Kibemba. "Madhumuni ya safari?"

"Kimsingi, kufungua duka."

"Utakaa siku ngapi?"

"Dakika kumi. Nafungua, naweka soda, narudi."

"Hapa hakuna nafasi ya dakika, bwana. Andika siku."

"Sasa nitaandikaje siku na mimi nakaa dakika kumi?"

"Sijui. Fomu si mimi niliyeitunga."

Bwana Lwitiko anasimama na kalamu hewani. Nyuma yake foleni imefika kwenye malori.

"Bwana Mkubwa," anasema Jenista, akihamisha ungo bega hadi bega, "jaza basi, watu tuna kazi."