Vita ya Barutwanayo na Waya wa Shaba, Hata Besi Ikanena Bangwe

Tulieni, enyi watu wa Bangwe. Nanyi wa Katonga, wekeni chini mabeseni, dagaa hawatakimbia, wamekwisha kufa. Enyi wa Ilagala, mkaao kule Malagarasi inakomwaga maji yake ziwani, vuteni mitumbwi mchangani mje mketi, maana habari hii sitairudia kwa ajili ya mtu aliyekuwa akipara samaki mara ya kwanza. Nasimulia habari za mtu mmoja na ubao mmoja, na waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga, na vita iliyopigwa uani kwangu siku kumi na nne pasipo kumwagika damu, ila tone moja la kidole gumba. Nawe Mwenyezi Mungu, uliyewafundisha ndege kuimba pasipo mwalimu wa kwaya, ushike mkono wangu, kwa kuwa mimi ni mjane wa darasa la saba, na mambo niliyoyaona yalitaka mtu wa chuo.

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu ndugu zetu wa Burundi wavuke mpaka kwa maelfu, na kambi zikatanda porini kama uyoga baada ya mvua. Parokia yetu siku hizo ilikuwa na kwaya, na kwaya ilikuwa na magitaa mawili na kinanda. Lakini gitaa la besi hatukuwa nalo, kwa sababu lile la zamani lilianguka majini katika safari ya Ilagala, likazama wima kama askari aliyeamriwa. Tangu hapo nyimbo zetu zikawa nyumba isiyo na msingi: juu wamejaa akina mama, chini hakuna mtu.

Basi Baba Paroko alipokwenda kambini kusomesha misa, akawaeleza Wakristo wa kule huzuni yetu. Ndipo akasimama seremala mmoja mrefu, mkavu, mwenye viganja kama makasia, akanena, "Baba, nipe siku kumi na nne, nitawaundia besi ya umeme kwa mikono hii." Huyo ndiye Barutwanayo, mtiisha mbao, baba wa randa na patasi, aliyekuwa na karakana yake kwao na sasa alikuwa na bakuli na foleni ya maharage. Baba Paroko akamwombea kibali cha siku kumi na nne kutoka kambini, kisha akampa ahadi mbele yetu sote: besi ikinena Jumapili ya Pentekoste, atamwombea kibali cha mwaka mzima, yeye na mkewe Spesiosa na watoto, afanye kazi katika karakana ya parokia. Isiponena, jioni ileile lori la kambini litamrudisha kwenye foleni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, wasikilizaji wangu, wala msiseme ni gitaa tu.

Wakamleta uani kwangu kwa kuwa nina kivuli, na nina baiskeli ya marehemu mume wangu Yona. Siku ya kwanza akazunguka nyumba akigonga kila ubao na kuutegea sikio, kama mganga anayegonga kifua cha mgonjwa. Akagonga mlango, akakunja uso. Akagonga benchi, akatikisa kichwa. Akaomba radhi, akaingia hadi kwenye kitanda changu, akagonga ubao wa kichwani, mninga mtupu, nao ukaitika vizuri. Akanitazama.

"Chukua," nikamwambia. "Kichwa changu kitaegemea Mungu."

Habari zikamfikia Gervasi, mwalimu wa kwaya, Gervasi mwenye fimbo ndogo na maneno makubwa, ambaye hakuna sauti iliyowahi kumpendeza isipokuwa yake. Akaja akasimama mlangoni mwa ua, akahutubia kama mkuu wa wilaya.

"Mama Esther, shikamoo. Nanyi kuku, hamjambo. Nimesikia besi inachongwa humu. Mimi nijuavyo, besi hutoka dukani, na duka liko Dar es Salaam, na Dar es Salaam ni siku mbili kwa treni, kama treni imeamka vizuri. Leo ndugu yangu wa ng'ambo anaitoa kitandani?"

"Ego, Mwalimu," Barutwanayo akajibu, maana ndivyo wasemavyo ndiyo kwao, wala hakuinua macho kwenye msumeno. "Kitanda kilivumilia ndoa, kitavumilia kwaya."

Gervasi akaondoka akijifanya anakohoa.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Siku nzima msumeno ulilia, vumbi jekundu likapaa, kuku wangu weupe wakawa wa rangi ya matofali. Mninga ukapigana kiume, ukavunja meno mawili ya msumeno, lakini jioni ukalala chini umekatwa kiuno. Shingo akaichonga kwa mti wa mkurungu, mgumu kama moyo wa mdai. Akaipigia mistari ya chuma kwa spoki za baiskeli, akizikata, akizizamisha, akizipiga tupa mpaka kidole kikipita hakijui kama kimepita, ila moja ilimtoboa gumba kwanza, ndilo lile tone la damu. Nyuzi nne akazitoa kwenye pikipiki mbovu ya katekista: waya wa klachi kwa sauti nene, waya za breki kwa mbili za katikati, na ule wa mafuta kwa nyembamba. Kisha akaupaka mwili wa besi mawese ung'ae, na siku ya nane tukaamka tukakuta jeshi la sisimizi limeizingira besi pande zote, nami nikawatawanya kwa majivu. Na hiyo nayo ilikuwa vita, ila sitaji majina ya waliokufa.

Lakini yote hayo yalikuwa mazoezi ya askari. Adui mwenyewe alikuwa hajaja.

"Mama Esther," akaniambia siku ya tisa, "besi ya umeme haina tumbo kama ngoma. Sauti yake inakaa katika kisanduku hiki." Akanionyesha kitu cha ukubwa wa kiberiti, ndani yake vipande vya sumaku ya spika iliyopasuka. "Lazima nikizungushie waya wa shaba raundi elfu nne na mia tano. Ikipungua, itanong'ona. Na waya ukikatika katikati, basi tena, mimi sina mwingine."

Waya ule aliutoa kwenye transfoma ya redio iliyokufa kambini, akauhifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Ulikuwa mwembamba hata nilipoushika sikuwa na hakika kama nimeushika.

Akapindua baiskeli ya Yona, magurudumu juu. Kisanduku akakifunga kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Mkono wa kulia ukashika pedeli, wa kushoto ukaongoza waya kati ya vidole viwili. Kila mzunguko wa pedeli, gurudumu lilizunguka mara tatu; kwa hiyo pedeli elfu moja mia tano. Nani atahesabu? Nikatoa rozari yangu. Punje ndogo hamsini, kila punje pedeli moja, na kila punje nikasema "Yesu" peke yake ili isiwe mchezo. Rozari thelathini, nasi tumemaliza.

Siku ya kumi asubuhi tukaanza. Gurudumu likavuma kama nyuki. Wapita njia wakatuamkia, "Mwakeye," nasi tukaitikia kwa midomo tu, macho kazini. Rozari ya kumi ikapita. Ya kumi na tano. Jasho lilimshuka hata kidevuni, wala hakulifuta. Rozari ya ishirini na mbili nilikuwa kwenye punje ya tisa, nilipomwona Mzee Sudi akiingia uani.

Mzee Sudi ni mtu wa Ujiji, mstaafu wa reli, aliyeshika bendera ya kijani na nyekundu miaka thelathini, na kwa adabu hana mpinzani tangu Kibirizi hadi Kaseke. Hajawahi kupita nyumba ya mtu pasipo kusalimu kwa mkono. Akaja moja kwa moja, akasema, "Asalaam aleikum, wana kazi," akanyoosha mkono.

Nilitaka kusema neno, lakini nilikuwa na "Yesu" mdomoni.

Nanyi mnajua desturi ya watu wa Burundi: mzee humpi mkono mmoja kama unampokonya kitu, unampa wa kulia, na wa kushoto unaushika mkono wa kulia kwa heshima. Barutwanayo, mgeni katika nchi ya watu, aliyeapa kwamba hakuna atakayemwita mkimbizi asiye na adabu, aliuona mkono wa mzee mbele yake, na mwili wake ukamtii marehemu mama yake. Akasimama. Akaachia pedeli, akaachia waya, akampa Mzee Sudi mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

Gurudumu halikuwa na habari za adabu. Likaendelea kuzunguka, likauvuta waya usio na mwenyewe, likausuka kwenye mnyororo, likaukata vipande ambavyo hata kuku hawakuvitaka.

Barutwanayo bado alikuwa ameshika mkono wa mzee. Akamaliza kuutikisa, akauliza habari za nyumbani, akajibiwa salama, ndipo akaketi chini na kutazama ardhi.

Mzee Sudi alipoelezwa alichofanya, akavua kofia. "Bibie," akaniambia, "nimepitisha treni kwa bendera miaka thelathini, sikuangusha hata behewa la chumvi. Leo nimeangusha kwaya nzima kwa mkono wa salamu."

"Si kosa lako, Mzee wangu," Barutwanayo akasema. "Kama ningekupa mkono mmoja, besi ingelia, lakini mimi ningeona haya kuipiga."

Mzee akavaa kofia yake. Akaondoka. Kesho yake akarudi na kitu kimefungwa kwenye shuka: redio yake kubwa ya umeme, ya mbao, nzima kabisa, aliyopewa siku ya kustaafu, anayosikilizia taarifa ya habari kila jioni na majirani wakiwa wamemzunguka. Akaiweka mezani.

"Ina transfoma ndani. Ifungueni."

"Mzee, hii inasema," Barutwanayo akamwambia.

"Imesema vya kutosha. Kila siku wanatangaza watu wanavyokimbia. Acha inyamaze, tusikie na mtu aliyefika."

Basi Ijumaa, siku ya kumi na mbili, swala ilipokwisha, tukajipanga upya, safari hii kwa akili ya kivita. Mzee Sudi akaketi karibu na baiskeli na tasbihi yake, kwa kuwa aliapa kutotoa mkono wake mfukoni ila kwa punje. Punje tisini na tisa. Tukapiga hesabu kwa mkaa ukutani, ikatoka tasbihi kumi na tano na punje kumi na tano, wala haikubaki hata moja, nami nikaona Mungu hana ugomvi na hesabu ya mtu yeyote. Mimi mwenyewe nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda kusimama mdomoni mwa njia, mlinzi wa lango, nizipokee salamu zote za Bangwe zisije zikafika uani.

Wakaja wengi. Nikawapokea mmoja mmoja: habari za watoto, za mgonjwa, za mbuzi. Akaja Honorata wa sauti ya kwanza, na beseni la samaki wa migebuka kichwani.

"Mama Esther, fundi yuko wapi nimsalimu?"

"Yuko vitani. Nipe salamu nitazifikisha."

"Salamu haitumwi kwa mtu anayeonekana. Namwona mgongo."

"Basi usalimu mgongo, kimoyomoyo."

Akasimama akausalimu, naona midomo ikicheza, kisha akaketi kando yangu kunisaidia ulinzi. Alipotokea Gervasi tulimzuia wote wawili. Akatoa hotuba, tukaisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia, akasahau alichokuja kutafuta. Nikahesabu salamu arobaini na moja mchana ule. Ya arobaini na mbili ilikuwa sauti ya Mzee Sudi kutoka uani, akisema polepole, kama atajaye kituo cha mwisho, "Kumi na tano. Simamisha."

Jumamosi Barutwanayo akalehemu, akakaza nyuzi, lakini sauti haikuweza kujaribiwa, maana spika na jenereta viko kanisani. Jumapili asubuhi kanisa likafurika. Mzee Sudi akasimama nje dirishani. Lori la kambini lilikuwa limekwisha fika, dereva wake akiwa amekaa nyuma kabisa ya kanisa pamoja na watoto. Barutwanayo akavaa besi yake nyekundu, Gervasi akachomeka waya mwenyewe, akitabasamu. Jenereta likanguruma. Barutwanayo akapiga uzi mnene.

Hapakutoka kitu.

Akapiga tena. Nyuzi zikatikisika, macho yaliona, masikio hayakupata. Minong'ono ikapanda kama moshi. Nikamtazama Barutwanayo; alikuwa akiutazama mlango, na lori nje ya mlango. Nami niliyezoea kutazama kabla ya kusema, nikatazama spika, kisha kile kidude cha kuongezea sauti, nikaona mshale wake umelala kwenye sifuri.

"Mwalimu," nikasema, katikati ya kanisa, Mungu anisamehe, "hukukifungua."

Gervasi akakitazama. Masikini, alikuwa na hakika kubwa mno ya kushindwa kwa mwenzake, hata hakuona haja ya kukizungusha. Kwa aibu akakizungusha chote. Barutwanayo akapiga.

Enyi mliozaliwa baadaye, mwawezaje kujua. Mabati yakatetemeka, popo wa miaka ishirini wakatoka darini kwa mafungu, mzee wa kanisa akashika benchi, na benchi lilikuwa linatetemeka pia. Sauti ikapita chini ya miguu yetu ikashuka ziwani, na wavuvi wa Katonga walisema baadaye walidhani meli imeingia nje ya ratiba. Kisha akina mama wakaanza kuimba, na kwa mara ya kwanza tangu besi ya kwanza izame, kulikuwa na mtu chini.

Misa ilipokwisha Gervasi akamwendea, akavuta pumzi kama anayeanza hotuba, tukajiandaa. Akasema, "Fundi, punguza kidogo tu," akanyamaza. Na hayo ndiyo maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema. Baba Paroko hakungoja chakula cha mchana. Aliandika barua ya kuomba kibali juu ya boneti ya lori, akampa dereva, na lori likarudi kambini tupu, kwenda kumchukua Spesiosa na watoto.

Basi hayo ndiyo yaliyotendeka, nami nimeyasimulia kama nilivyoyaona, asije mtu wa Ujiji akadai yalitendeka kwao. Sisi huku hatuhesabu tena miaka kwa vita wala kwa njaa. Ukimwuliza mtu wa Bangwe mtoto wake alizaliwa lini, atakwambia: mwaka wa pili wa besi, mvua za vuli, siku ya Jumanne.