Mheshimiwa Amelalia Makala Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Imetoka! Makala yangu imetoka gazetini. Ukurasa wa tisa, chini ya tangazo la magodoro. Mhariri amekata nusu nzima, lakini kichwa amekiacha: "Mitaro Yetu Inanuka na Sisi Tumenyamaza". Miaka natuma, miaka wananipuuza. Leo wamesalimu amri. Nimelitandaza gazeti mezani, pale ambapo mgeni hawezi kuweka kikombe bila kusoma.

Binti yetu ameondoka asubuhi, mafunzo ya kazi, anarudi Jumamosi. Ameniachia nyoka wake, Mheshimiwa, anayeishi sebuleni ndani ya sanduku la kioo. Hana sumu, hana makuu. Masharti mafupi: maji safi, panya mmoja wa kwenye friji siku ya Jumatano, gazeti la kulalia likichafuka libadilishwe. Basi. Akaongeza, tena bila kucheka, kwamba nikianza ubunifu wangu, Mheshimiwa anahamia kwa mjomba.

Kwa mjomba! Yaani kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye gazeti hilohilo humchapia makala kila Jumamosi kama dozi. Nyoka akihamia kule, binti naye jioni zake zitahamia kule. Mimi nitabaki naongea na friji. Haitatokea. Nitakuwa mlezi wa mfano.

Jumanne, 4 Machi

Msiba. Gazeti halipo mezani. Lipo kwenye sanduku. Mheshimiwa amejikunja juu ya aya ya pili, na ile ya tatu ameifanyia jambo ambalo hata mhariri hakuthubutu.

Nikamuuliza mke wangu kulikoni. Akasema la chini lilichafuka, la mezani lilikuwa karibu, na gazeti ni gazeti. Eti kama ninaona uchungu, nimwombe Mheshimiwa aziruke aya nzuri.

Jioni shemeji huyo! Ananusa mambo yangu akiwa kwake. Akavaa miwani, akainama, akasoma kichwa cha makala kwa sauti ya darasani. Kisha akanipongeza. Eti hatimaye nimepata msomaji asiyeweza kunyanyuka akaondoka. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Uamuzi: matandiko ya gazeti yakomeshwe. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya afya. Wino! Nani amewahi kuuchunguza wino?

Jumatano, 5 Machi

Mchanga! Nimeuomba kwa mafundi wanaojenga ng'ambo ya barabara, nikauchekecha kwa chekecheo la jikoni. (Mke wangu hajui.) Sanduku limekuwa jangwa dogo, safi, la heshima. Nimemtumia mhariri makala ya pili, ya mtaro wa hospitali, kali kuliko ya kwanza.

Mchana nikampa panya. Panya aliyeyeyuka barafu ni panya aliyelowa. Mheshimiwa alimburuta sanduku zima kabla ya kumfungulia kinywa, na panya akawa amevaa koti la mchanga. Nyoka akatema. Akanitazama. Sikujua kwamba nyoka anaweza kumtazama mtu namna ile. Nikamsuuza panya bombani, nikamrudishia juu ya sahani. (Hilo pia mke wangu hajui. Sahani ni ile yenye maua.)

Mchanga nimeutoa. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni panya.

Alhamisi, 6 Machi

Maranda! Mbona sikuwaza mapema? Seremala wa kona aliuliza ni ya kuku. Nikajibu ni ya Mheshimiwa. Hakuuliza tena. Akanijazia gunia la maranda ya mbao nyekundu, ile ya masanduku ya nguo, yenye harufu tamu inayofukuza wadudu. Sebule inanukia kama kabati la bibi harusi. Nilijisikia mtu mkubwa kabisa.

Jioni Mheshimiwa ameinua kichwa juu, kinywa wazi, puani vipovu. Anapiga mluzi. Mke wangu akasema birika limechemka. Halikuwa birika.

Nimeogopa. Kesho alfajiri nampeleka kwa daktari.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari wa mifugo amesema yeye mazoea yake ni ng'ombe, lakini mapafu ni mapafu. Harufu inayofukuza wadudu haiwezi kumbembeleza nyoka. Akauliza mjinga gani ameweka maranda yale. Nikasema mtu mmoja wa nyumbani. Mke wangu akakohoa, mapafu yake mazima.

Dawa: toa yote, osha sanduku, joto la kutosha, kisha gazeti. Nikataja wino. Akasema wino hauna neno. Nikaomba kitu chenye hadhi zaidi. Akafungua mlango.

Jirani ametupatia gazeti la michezo. Kufikia jioni mluzi umepungua. Asanteni, timu zote.

Lakini kesho ni Jumamosi! Makala ya shemeji! Si gazeti ni gazeti? Haya, na tuone.

Jumamosi, 8 Machi

Mluzi umekwisha! La michezo limechafuka. Nimenunua gazeti la leo, nakala ya mwisho kibandani. Ukurasa wa tisa, shemeji anaijibu mitaro yangu: "Kwa Ndugu Asiyejua Kushika Koleo". Nikacheka. Nikageuza ukurasa. Wa kumi: mimi! Makala ya pili, nzima, haijakatwa! Mgongo kwa mgongo na shemeji kwenye karatasi moja.

Nilisimama mlangoni nikijisoma kwa sauti. Nilipomaliza, kurasa nyingine zote mke wangu alikuwa ameshafutia vioo vya madirisha, kumpokea binti. Nimebaki na karatasi yangu. Mheshimiwa amelala kwenye uchafu. Binti amepiga simu, yuko kituoni.

Nikaitandika. Shemeji juu, mimi chini. Iliniuma, lakini nikaitandika.

Binti akaingia na shemeji, kampokea njiani kumbebea begi. Wakainama. Nyoka hayupo! Kumbe amemkimbia shemeji, ameingia chini ya karatasi, uso kwa uso na makala yangu. Binti akainua karatasi, akamtoa, kisha akaisoma. Yote. Amesimama, nyoka shingoni. Akasema ile ya mtaro wa hospitali ni kweli tupu, na hakuna mwingine aliyethubutu kuiandika. Shemeji akafuta miwani.

Halafu binti akaokota chembe ya maranda kwenye bakuli la maji. Akainusa. Akanitazama. Mimi nikasifu madirisha. Mke wangu akasema baba yako amejifunza mengi wiki hii.

Mheshimiwa anabaki! Kwa uangalizi, amesema binti, lakini anabaki.

Jumapili, 9 Machi

Siku njema mno. Nimemwandikia mhariri anitenge na shemeji, karatasi mbali na karatasi. Nimeambatisha makala mpya: "Matandiko Salama ya Nyoka: Ushauri wa Mtaalamu".

Binti atasafiri tena mwezi ujao. Nimepita kwa seremala. Ana maranda ya mbao nyingine, nyeupe. Nimelinusa gunia mwenyewe, mara kadhaa. Halina harufu.

Karibu halina.