Samaki wa Kwanza wa Mheshimiwa Mwenyekiti

Ilitangazwa kwa zumari na kwa wino mwekundu kwamba kuanzia msimu huu, kwa ajili ya heshima, utulivu na maendeleo endelevu ya Mto Fennoch, samoni wa kwanza wa mwaka atavuliwa na Mwenyekiti wa Bodi ya mto huo. Wananchi wengine wanaruhusiwa kuvua kama kawaida, ila wasifunge ndoana mpaka Mwenyekiti apate wake.

Ishbel Gow, ambaye kwa miaka thelathini na moja ndiye aliyewaongoza wageni kwenye mto huo na kuwaonyesha samaki wanakolala, alilisoma tangazo mara mbili mlangoni mwa kibanda cha wavuvi. Hakuona kasoro. Lilikuwa na muhuri.

Basi tarehe kumi na tano Januari mchungaji akaubariki mto, Mwenyekiti akaumwagia wiski kidogo na koo lake wiski nyingi, na watu ishirini wakaingia majini hadi viunoni kurusha mishipi isiyo na ndoana. Siku ilifana mno. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na hakuna samaki aliyesumbuliwa.

Wiki ya tatu Bodi ikatoa taarifa kwamba uvuvi wa mtindo mpya umepunguza watu kujichoma vidole kwa asilimia mia moja.

"Dada Ishbel," alisema Tam Rennie, fundi bomba, midomo ikiwa ya bluu kwa baridi, "yaani nimeomba likizo kazini nije kuosha uzi?"

"Uoshe vizuri. Kuna fomu ya usafi wa uzi."

Alitania, lakini moyoni hakuwa na raha. Wageni walikuwa wakighairi safari, na nyumba aliyoishi ilikuwa ya kazi. Bodi ilikwisha kumwandikia kwamba wageni wasipoongezeka kufikia Machi, nafasi yake itafutwa na funguo zirudishwe. Ishbel aliogopa. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Mwenyekiti, Bwana Crispin Forsyth-Leckie, alijituma kwa upande wake. Kila siku alifika saa tano, akamrusha nzi wake wa manyoya, chambo cha bandia chenye ndoana, kwenye mti wa ng'ambo, akamsubiri Ishbel avuke kumnasua, kisha akaenda kula.

Tarehe ishirini na tatu Februari fimbo yake ya kuvulia ilipinda.

"Ishbel, nimeshika kitu."

"Si jiwe, mheshimiwa?"

"Kinatembea."

Ishbel akamkinga samaki kwa wavu, akamtazama. Alikuwa samoni aliyekwisha kutaga tangu Novemba, sasa anajikokota kurudi baharini na njaa yake: kichwa kikubwa, tumbo limebandana na mgongo, vidudu vimejaa kwenye matamvua. Pale Fennoch hata watoto wa chekechea wanamtambua. Mtu akimhesabu huyo kuwa samoni mpya, yaani aliyenona anayepanda kutoka baharini, ukoo mzima huona haya kanisani.

"Mpya kabisa kutoka baharini," alisema Mwenyekiti. "Tazama anavyong'aa. Mwembamba kidogo."

"Ni uchovu wa safari, mzee," Tam akadakia kutoka nyuma. "Bahari iko mbali."

Bahari ilikuwa maili nane. Watu ishirini wakaafiki, mikono ikipapasa ndoana mifukoni.

Mwenyekiti akatoa fomu. "Shahidi, tia sahihi hapa. Samoni mpya, daraja la kwanza."

Katika miaka thelathini na moja Ishbel hakuwahi kusema uongo juu ya samaki. Lakini akiligomea hili, hakuna atakayefunga ndoana, na nyumba itakwenda.

"Maneno andika wewe, mheshimiwa," alisema. "Mimi nitatia sahihi kwenye vipimo. Na kwa desturi ya kibanda, samaki wa kwanza huchongwa kwenye ubao kama alivyo, jina la mvuvi likiwa chini."

"Ubao mkubwa," alisema Mwenyekiti.

"Wa kumtosha."

Akampima humohumo majini, urefu, unene na kichwa, akamwachia kama sheria inavyotaka kwa kila samoni kabla ya Aprili. Mwenyekiti hajafuta mikono, ndoana ishirini zilikwisha kufungwa. Kufikia Ijumaa Tam alikuwa amenasa na kurudisha watatu walionona, na simu za wageni hazikukatika.

Ubao ulitundikwa Jumatatu juu ya mlango wa kibanda. Ishbel hakuongeza wala hakupunguza: kichwa kama koleo, mwili kama mkanda wa suruali. Chini yake, kwa herufi za dhahabu: "Samoni Mpya, Daraja la Kwanza. Amevuliwa na Mheshimiwa Mwenyekiti." Watu walikuja kutoka mito mitatu ya jirani kuutazama, na wengine walilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Mwenyekiti akamwita ofisini. "Ule ubao utoe."

"Sawa, mheshimiwa. Kwenye fomu ya kuutoa, sehemu ya sababu, niandike nini? Kwamba samaki hakuwa mpya?"

Mwenyekiti aliitazama fomu yake mwenyewe ya samaki, yenye sahihi yake mwenyewe.

"Ni samaki mzuri," alisema.

"Mzuri mno. Kuna wageni kumi na wanne nje, wanaomba upige nao picha chini yake."

Walikuwa wageni wa Bodi, na Bodi haijawahi kuwakatalia wageni. Akatoka, akasimama chini ya ubao, akatabasamu.