Busia Mbili, Kitambulisho Kimoja

Nisameheni makosa ya herufi. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole. (Mwandiko wangu wa mkono mngeuona mngelia. Simu imenisitiri.)

Leo nimeumbuka.

Mama Nabwire, bosi wangu hapa ofisi ya kupitisha mizigo mpakani, alinipa wiki moja ya kujaribu kutunza ukurasa wetu wa mtandao. Leo ndiyo siku ya mwisho. Nikishindwa, narudi kuosha malori. Ukurasa una vitufe viwili, Busia Kenya na Busia Uganda. Dereva anabonyeza upande ambako lori lake liko, ukurasa unamfungulia kisanduku cha maelezo ya pa kuchukua karatasi za mzigo.

Asubuhi akaingia mzee Barasa, dereva, viatu vumbi tupu. Lori lake liko Uganda, ukurasa unamtuma Kenya. Amevuka mpaka kwa miguu mara mbili. Nikamwambia, kwa heshima, labda hajui kubonyeza. (Mimi, ninayeogopa hata kusalimia wateja!) Akanipa simu. Nikabonyeza Busia Uganda. Ikafunguka Kenya. Nikasema ni netiweki.

Nikampigia dada Athieno, aliyenifundisha kazi hii. Akaja na boda kutoka Tororo, akawekewa chai, akasoma maandishi niliyoujengea ukurasa. Huyu dada hasomi, ananusa. Chai haijapoa, akainua kichwa akaita, "Wandera!"

Nikaitika. Lakini askari wa mlangoni, naye Wandera, alishafika mbele yake.

"Umeona?" akaniambia. "Ukiita jina, anakuja wa karibu na mlango. Ukurasa nao unachukua wa kwanza. Unakaa mpakani, halafu unawapa wawili kitambulisho kimoja?"

Kweli. Kwenye ukurasa kila kisanduku kina jina lake, ndicho kitambulisho chake, nami vyote viwili niliviita "busia" tu.

Mama Nabwire alikuwa anaingia. Alisikia maneno ya mwisho ya Athieno tu.

"Wandera, unatengeneza vitambulisho bandia ofisini kwangu?"

Nikaonyesha kompyuta kwa kidole. Askari akafunga mlango nisitoroke. (Jina moja, huruma hakuna.)

Athieno akamweleza mama huku vidole vyake vikiendelea kuandika: kisanduku kimoja busia-kenya, kingine busia-uganda, na kila kitufe kikaelekezwa kwa chake. Mzee Barasa akabonyeza. Uganda. Akatazama viatu vyake, akanitazama mimi.

"Kumbe kidole changu ni kizima," akasema.

Kazi nimebaki nayo. Ila tangu mchana mama ananiita Wandera Uganda, na askari ni Wandera Kenya, ili akiita asije tu wa karibu na mlango.

Msicheke. Niandikieni, hata mstari mmoja. Nitajibu, polepole.